Aliyepiga Nduru

Siku mliponiaga ofisini kwa keki, thamosi na blanketi (blanketi la nini, jamani, kana kwamba baridi ya Kericho ndiyo kwanza naiona), Chebet aliniuliza mbele ya watu wote ni kesi gani sitaisahau. Nilijifanya mdomo umejaa keki. Jibu nililijua, ila halikuwa jambo la kusemwa huku watu wanapiga picha. Sasa niko nyumbani, nachuma chai yangu mwenyewe, mgongo unanisuta kila jioni, na nimepata nafasi ya kuwaandikia ninyi mliobaki na mafaili.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Mnajua ngazi zetu za serikali zilivyo: unapanda moja, halafu unakaa hapo mpaka viatu vinaisha. Nitasema ya kazi.

Mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, baba na mama watu wa ziwani waliokuja kuchuma majani wakasahau kurudi. Kikipsigis nilikiokota nikicheza, na mpaka leo nikikisema wazee wananiangalia kwa huruma. Nilipoajiriwa kuwa afisa wa probesheni, mama yangu aliuliza ni kazi gani hiyo. Nikamwambia: mtu akipatikana na hatia, kabla hajahukumiwa, korti inanituma nikamuulize kila mtu habari zake. Nyumbani wanamwonaje, aliyekosewa anasema nini, anaweza kufungwa kifungo cha nje au ni wa kwenda jela. Mama akasema, "Kumbe umbea nao una ofisi."

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Kirui, mkubwa wangu, mtu mrefu mwenye sweta la kijani ambalo kwa miaka mingi sikumwona bila kulivaa. Sikupewa kiti. Nilipewa gambuti, viatu virefu vya mpira, zilizonizidi namba mbili. "Cheti chako cha chuo weka nyumbani," akasema. "Hizi ndizo zitakufikisha kwa watu." Halafu akanipa sheria mbili. Ya kwanza: usiandike ukiwa umesimama, kaa chini ndiyo ufungue kitabu. Ya pili: anza kwa aliyelia. Maana yake, kabla hujakanyaga kwa mkosaji, nenda kwanza kwa aliyekosewa. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Siku utakayokosea utajua," akaendelea kutafuta kofia yake.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa huko karibu na Litein, ya mwanaume aliyekuwa akiamka mapema kuchuma chai ya jirani na kuipeleka kituo cha kuuzia chai kama yake. Mchungaji wake aliniambia ametubu, basi yamekwisha. Wazee wa kokwet, yaani baraza la kijiji, walisema atubu asitubu, arudishe: amchumie jirani shamba zima, majani mawili na chipukizi, huku mke wa jirani akisimamia. Hakimu naye alikuwa na kifungu chake cha sheria na hakutaka kusikia habari za mke wa jirani. Mtu mmoja, kosa moja, hukumu tatu. Mimi nilikuwa kijana, nikadhani kazi yangu ni kujua ipi kati ya hizo tatu ndiyo ya kweli. Hakimu alimpa kifungo cha nje, na baadaye nilimkuta shambani kwa jirani, jasho linamtoka, mke wa jirani amesimama nyuma yake na fimbo ya kupimia usawa wa majani. Akaninong'oneza, "Madam, hakuna nafasi huko jela?"

Miaka ikaenda. Nilijifunza kubeba mwavuli, biskuti, na kitabu kilichofunikwa karatasi ya kaki ili kisilowe. Nilijifunza pia kwamba hakuna watu wanaoipenda Biblia kama washtakiwa wiki moja kabla ya hukumu. Walikuja ofisini wameikumbatia kifuani, nyingine bado zina bei. Sikuwacheka sana, maana hata mwizi akishika Neno kwa uoga bado amelishika. Lakini nilizoea. Hilo ndilo jambo baya la kazi yetu, mnazoea. Nilifika mahali nikamsikiliza mtu akilia huku ninawaza kama nitapata gari la kurudi.

Ndipo likaja faili la Joseah.

Kwa wale mliokulia mjini, lazima kwanza niwaeleze nduru. Huku kwetu mtu akipatwa na jambo, moto, chui, uzazi uliokwama, mwizi wa ng'ombe, anapiga nduru. Ni ukelele mmoja mrefu, na haukosewi. Ukiusikia unatoka na chochote kilicho mkononi, unakimbia. Hukai nyumbani. Anayekaa nyumbani ataulizwa kwenye kokwet siku inayofuata, na hatakuwa na jibu. Nduru imeokoa watu wengi. Mimi mwenyewe nimewahi kukimbia na mwiko wa ugali, unga unanidondoka kwenye viatu.

Joseah alikuwa shemasi wa kanisa na mkulima wa chai katika kijiji kimoja ng'ambo ya Ndanai, upande wa Sotik. Kijiji sitakitaja, wenyewe wanakijua. Alikuwa na ng'ombe wanne. Alasiri moja, siku ya soko, alienda malishoni akakuta watatu. Akatoka mbio hadi njia inayotoka sokoni, na hapo akamwona mwanaume asiyemjua akiongoza ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe. Joseah akaangalia sikio. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa alama mbili, alama ya ukoo wake.

Sasa, alama ya sikio ni ya ukoo mzima. Kuna nyumba arobaini na zaidi zenye alama hiyo hiyo, na yeye alilijua hilo tangu anachunga mbuzi. Mmoja wa ndugu hao wa ukoo alikuwa ameuza ng'ombe sokoni asubuhi ile. Lakini Joseah alikuwa na hofu ya kupoteza, na macho ya mtu mwenye hofu huona anachokitafuta. Hakuuliza. Alipiga nduru.

Watu wakaja. Aliniambia kwamba hakushika hata jiwe, na alipofaulu kupenya katikati yao mambo yalikuwa yameisha, kwa muda ambao hata chai haijachemka. Aliyekufa aliitwa Ouma, seremala wa Fort Ternan, mtu mwenye asili ya ziwani kama mimi. Alikuwa amenunua ng'ombe wake wa kwanza na alikuwa anampeleka barabara ya lami, ambako pikapu ilikuwa inamsubiri. Kwenye mfuko wa shati lake kulikuwa na karatasi ya soko: jina lake, rangi ya ng'ombe, alama ya sikio, jina la aliyemuuzia. Hakuna aliyemwomba aitoe.

Jioni, wakati wa kukamua, ng'ombe wa Joseah akarudi nyumbani mwenyewe. Alikuwa ameingia kwenye mahindi ya mtu, majani bado yananing'inia mdomoni.

"Nilikuwa nimeshika ndoo, Madam," Joseah aliniambia. "Ikaja, ikasimama mahali pake pa kila siku, ikaningoja. Nikashindwa kukaa chini. Sikukamua."

Jumapili mbili alinyamaza na kupitisha kikapu cha sadaka kama kawaida. Ya tatu akasimama mbele ya kanisa akasema yote. Watu wakalia, mchungaji akamwekea mikono, wakamwambia damu ya Yesu imetosha, aende kwa amani. Jumatatu akaondoka kwa miguu kwenda polisi. Ndugu zake wakamfuata kwa boda boda, wakimsihi arudi. Hakuna shahidi aliyemtaja, hakuna aliyekuwa akimtafuta, na akifungua mdomo atavuta kijiji kizima. Askari wa zamu alimuuliza mara mbili kama amekunywa pombe.

Baadaye, mbele ya jaji, alikiri kosa la kuua bila kukusudia, akaachiliwa kwa bondi asubiri hukumu. Jaji akaagiza ripoti yetu. Faili likatua kwangu.

Na hapo ndipo nilipokosea. Wiki ile nilikuwa na kazi nyingine upande wa Sotik, mvua ilikuwa inanyesha bila huruma, nikaona nianze kwa Joseah maana ni karibu. Si ni nusu saa tu? Nikakaa na mchungaji, akanieleza juu ya neema. Nikakaa na wazee wa kokwet, wakanieleza kwamba damu ni ya ukoo na ukoo uko tayari kupeleka mitamba kwa mjane, kisha pande zote mbili zitakaswe. Nikaandika yote vizuri, nimekaa chini kama nilivyofundishwa. Kesho yake nikapanda gari kwenda Fort Ternan na gambuti zile zile.

Mjane wa Ouma aliitwa Mama Akoth. Nilimkuta nje ya nyumba akipukuchua mahindi, kitambaa cheupe kichwani. Nilimsalimia kwa lugha ya nyumbani, nikitegemea hiyo itanifungulia mlango. Akanijibu kwa adabu. Halafu akatazama miguu yangu. Kwake udongo ni mweusi, na mimi nilikuwa nimebeba udongo mwekundu mpaka magotini.

"Huo udongo ni wa wapi?"

"Wa huko Sotik, mama."

"Kwa huyo mtu?"

"Ndiyo."

"Umeanzia huko?"

Nilijaribu kupangusa gambuti kwenye nyasi.

"Dada yangu," akasema, bila ukali wowote, "nenda ukaoshe viatu. Urudi siku nyingine. Mimi si wa pili kwa hii maneno."

Akaendelea kupukuchua. Nilisimama pale na mwavuli wangu na miaka yangu yote ya kazi, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nilimpigia simu Mzee Kirui, aliyekuwa amestaafu na kugeuka mtu wa kabichi. Nilianza kumweleza kesi yenyewe, akanikatiza. "Ulianza wapi?" Nikakohoa. "Eee," akasema. "Sauti yako ni ya mtu aliyekula kabla ya mgeni. Rudi. Na usijieleze."

Lazima nikiri jambo lingine, kwa kuwa hamwezi tena kunifuta kazi. Nilikuwa nimeshaandika rasimu ya ripoti nikipendekeza jela, tena ya miaka mingi. Nilijiambia ni kwa sababu ya uzito wa kosa. Uongo. Ouma alikuwa mtu wa kwetu. Aliuawa akitembea mahali nilipotembea maisha yangu yote, na hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya kiofisi. Nilitaka mtu alipe, na Joseah ndiye aliyekuwa amenyoosha mkono.

Nilirudi Fort Ternan baada ya siku nne, gambuti nimezisugua kwa brashi. Mama Akoth alizikagua, kwanza moja, kisha nyingine, akanivutia kigoda. Chai ikaja. Nilikunywa yote ndipo nikafungua kitabu.

Nikauliza swali la fomu. "Mama, ungependa apewe adhabu gani?"

"Hapo bado hujaniuliza kitu," akasema.

Nikafunga kitabu.

"Siku ya kumzika baba Akoth," akaanza, "kwaya haikuja. Kwaya aliyoitengenezea viti kwa mikono yake. Waliogopa kuimbia mwizi. Ndugu zake walimbeba wenyewe, na fundi mwenzake mmoja. Akoth shuleni anaitwa mtoto wa mwizi wa ng'ombe, anakaa dawati peke yake. Sasa angalia. Wazee wa huko wametuma neno la mitamba. Mchungaji wa huko ametuma neno la msamaha. Wewe umekuja na jela. Kila mtu anakuja na kitu mkononi, na mimi nawakaribisha wote. Lakini hakuna hata mmoja amekuja na jina lake."

"Jina la nani, mama?"

"La Ouma. Liliangushwa huko. Liko huko mpaka sasa, watu wanalikanyaga wakienda soko."

Kuku alipita kati yetu. Hakumfukuza.

"Huyo mtu alipiga nduru, watu wakaja," akasema. "Basi apige tena. Pale pale, siku ya soko, saa ile ile. Waje vile walikuja. Halafu awaambie Ouma hakuwa mwizi. Mimi nitakuwa hapo nisikie kwa masikio yangu."

Nilikuwa nimehudhuria semina za haki na upatanisho, nikapewa kalamu na mifuko yenye maandishi, na hakuna hata moja ambamo mtu aliwaza jambo kama hilo. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama akifanyiwa hivyo atamsamehe.

"Msamaha uko. Nimeuweka ndani. Mungu, Nyasaye, aliniletea zamani, nikaupokea. Ila hautatoka kwa hii mlango kabla ya jina la baba Akoth kuingia."

Joseah alipoletewa ombi hilo alikuwa amekaa na ndugu yake mkubwa, Wilson, na mkewe. Wilson aliruka. "Wee! Ukipiga hiyo nduru umetufunga sisi wote! Unajua nani alikuwa na rungu siku hiyo? Unataka niseme?" Mke wa Joseah alikuwa anatazama moto tu. Joseah aliuliza kama mama huyo atakuja kweli. Nikasema ndiyo.

"Nitapiga," akasema.

"Watakuua wewe sasa," Wilson akasema.

"Mdomo ni ule ule, Wilson. Kama uliweza kuita wakati ule, si uite na sasa."

Chifu ndiye aliyetutesa zaidi, na kwa haki. Watu wanaokuja kwa nduru huja tayari, na utayari huo nilikuwa nimeusoma kwenye ripoti ya daktari juu ya mwili wa Ouma. Alikubali baada ya kusali, kunywa maji, na kutuahidi askari wawili watakaokaa mbali kidogo. Ng'ombe wa Ouma, ambaye polisi walikuwa wamempiga picha kama ushahidi na kumrudisha kwa mjane, alibaki Fort Ternan. Mama Akoth alikuja peke yake. Alikuwa na leso iliyofungwa fundo, na hakuniambia ina nini.

Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye chai, ule wa alasiri unaofanya vichwa vya wachumaji vionekane bila miili. Tulisimama njiani. Joseah alivua kofia, akampa mkewe. Nikaomba Mungu sauti imkauke ili turudi nyumbani salama. Halafu akafungua mdomo.

Jamani. Nimesikia nduru mara nyingi, lakini siku zote nilikuwa upande wa wanaokimbia kuijibu. Sikuwahi kusimama mahali inapotoka. Mwanzo kukawa kimya, hata ndege. Kisha mlima ukajibu. Kutoka kwenye chai, kutoka kwenye mahindi, kutoka mtoni, watu walikuja mbio, vikapu vya majani bado mgongoni, fimbo, panga, rungu, mmoja na jembe. Hawakusema kitu, walikuwa wanapumua tu. Niliona kile alichoona Ouma. Nilishika mkono wa Mama Akoth, mimi niliyekuja kumlinda, na mkono wake ulikuwa umetulia.

"Mwizi yuko wapi?" mtu akauliza.

"Ni mimi," Joseah akasema.

Walimtazama kama amepandwa na wazimu. Akainua sauti. Alisema kwa Kikipsigis, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mama asikie. "Siku ile niliwaita hapa nikasema mwizi. Mlikuja kwa sababu yangu. Ng'ombe yangu haikuibwa. Ilirudi nyumbani jioni yenyewe, na mimi nimejua tangu jioni hiyo. Yule mtu alinunua ng'ombe yake. Aliitwa Ouma. Alikuwa seremala. Hakuwa mwizi. Mimi ndiye niliiba, niliiba jina lake na pumzi yake, na sikumuuliza hata swali moja!"

"Nyamaza, Joseah!" Ilikuwa sauti ya Wilson kutoka nyuma.

Hapo Mama Akoth akaniachia mkono. Alitembea mpaka katikati ya watu wale wote na vyuma vyao, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe, akafungua fundo la leso. Ilikuwa karatasi ya soko, ile ya mfukoni, imekunjwa mara nne na ina doa nisilotaka kulieleza. Akampa Joseah.

"Soma," akasema. "Siku hiyo hakuna mtu alisoma."

Joseah akasoma. Ng'ombe mmoja. Mwekundu. Paji jeupe. Sikio la kushoto, alama mbili. Alipofika kwenye jina la mnunuzi alishindwa, akajaribu tena, na mara ya tatu likatoka zima. Mzee mmoja mwenye koti la mvua alipita mbele, akaweka rungu lake chini miguuni pa yule mama. "Mimi pia nilikuja," akasema, basi. Akafuata mwingine. Fimbo zikaanza kulala chini moja moja, na mama mmoja mchumaji akaweka kisu chake cha kupogolea huku analia kwa sauti. Si wote. Wengine waligeuka wakarudi kwenye ukungu, na fimbo zao wakaenda nazo. Wilson alisimama muda mrefu, kisha naye akaweka.

Mama Akoth hakuwahutubia. Alipokea karatasi yake, akaifunga tena kwenye leso, akatazama ile sehemu ya njia kando ya mtaro ambapo nyasi ni ndefu. Akasema kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomwambia mtu aliyechelewa kwa rafiki, "Ouma, twende nyumbani."

Nililia bila kujificha. Askari mmoja alivua kofia. Njia yote mpaka Litein nilikuwa nyuma ya pikapu na yule mama, na aliacha nafasi kati yetu kwenye benchi, nami sikuthubutu kuweka hata mwavuli hapo. Kitabu changu cha siku hiyo mkikitafuta stoo mtakikuta. Ukurasa una tarehe na neno "Ndanai," baada ya hapo hakuna kitu. Mimi ambaye niliandika hata bei za Biblia za washtakiwa, nilisahau kwamba nina kalamu.

Ripoti niliyopeleka kortini haikuwa ile ya kwanza. Jaji aliisoma, akavua miwani, akasema amekaa kitini pale miaka mingi na hana kifungu kinachosema namna ya kurudisha nduru. Akampa Joseah miaka mitatu ya kifungo cha nje chini ya usimamizi wangu. Kabla ya siku hiyo watu wawili walikuwa wamejipeleka polisi wenyewe, Wilson akiwa mmoja wao. Wengine mpaka leo wananisalimia sokoni, "Chamge, Madam," na mimi naitikia. Sijui nao wanalalaje.

Msinielewe vibaya, jela zipo na wako wanaostahili kuwa humo, nimewapendekeza wengi na nimelala usingizi. Ila tangu siku ile sijawahi tena kudhani kwamba najua hukumu ya kweli ni ipi kati ya ya korti, ya kanisa na ya kokwet. Mama yule aliomba ya nne, na zote tatu zikakaa kimya.

Joseah alikuja kuripoti kila mwezi bila kukosa, hata mwezi aliokuwa na malaria. Kwaya ya Fort Ternan ilienda kaburini kwa Ouma ikaimba, imechelewa lakini ikaimba. Na muda mfupi kabla hamjaninunulia lile blanketi, kifungo kilipokwisha, nilienda kufunga faili. Nilianza kwa Mama Akoth, gambuti safi. Akoth, sasa msichana mrefu, ndiye aliyeniletea chai. Nyuma ya nyumba yule ng'ombe mwekundu alikuwa amezaa, na ndama amesimama karibu naye, paji jeupe vile vile.

Nikamuuliza swali la mwisho la fomu, kama ana neno lolote juu ya mkosaji.

"Mwambie ndama ni jike," akasema. "Na mwambie sikio sijalikata. Sitalikata."

"Kwa nini, mama? Akipotea utamjuaje?"

Alimkuna ndama nyuma ya sikio lile lisilo na alama.

"Mtu akimwona njiani," akasema, "itabidi aulize."